Radi, Papasi na Dhahabu: Rekodi za Sayansi Zinazopitia Kasongo na Kabambare

Mtu wa Kasongo hahitaji kufundishwa radi ni nini. Msimu wa mvua ukishika, alasiri mawingu hujikusanya, upepo hugeuka ghafla, akina mama hukimbilia kuanua muhogo walioanika, na kabla ya Magharibi anga lote linapasuka. Kuanzia hapo ni ngurumo juu ya ngurumo. Watu wamezoea. Wasichoambiwa wengi wao ni kwamba radi hizo zimehesabiwa kutoka angani kwa miaka 16, na hesabu hiyo imeiweka Maniema katika tatu bora za dunia.

Kazi hiyo ilifanywa na setilaiti ya TRMM, iliyorushwa mwaka 1997 na Marekani na Japani ikiwa na chombo cha kunasa mimweko ya radi. Rachel Albrecht wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, pamoja na wenzake, walichukua kumbukumbu za mwaka 1998 hadi 2013, na mwaka 2016 wakatoa orodha. Ziwa Maracaibo la Venezuela liliongoza kwa mimweko 233 katika kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Nafasi ya pili ilikwenda Kabare, Kivu ya Kusini, kwa mimweko 205. Ya tatu ni Kampene, mimweko 177. Kampene ni ya Maniema, iko Pangi, jirani wa Kasongo upande wa kaskazini. Katika kumi za kwanza tano ni za Kongo: ukiacha hizo mbili, zipo Sake, Butembo na Boende. Na kabla ya hesabu hii, cheo cha kwanza chenyewe kilikuwa cha milima ya mashariki ya Kongo.

Sababu iko mbele ya macho yetu. Hewa yenye unyevu kutoka msituni hukutana na milima ya Bonde la Ufa, husukumwa juu na kupoa, na mawingu hurefuka hadi kwenye baridi kali. Humo ndani chembe za barafu hugongana mfululizo, na kila mgongano huhamisha umeme kidogo, mpaka wingu linashindwa kuubeba.

Radi ndefu kuliko zote zilizowahi kupimwa haikupiga kwetu. Mwezi Julai 2025 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mmweko wa tarehe 22 Oktoba 2017 ulianzia mashariki ya Texas, Marekani, ukafika karibu na Kansas City, umbali wa kilometa 829. Uupime kwa njia tunayoijua. Toka Kasongo, pita Kabambare, vuka Ziwa Tanganyika, iache Ujiji nyuma, iache na Tabora, na bado radi haijaisha. Ni njia ya misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip, iliyowamaliza wapagazi kwa miezi, na mmweko ule ungeimaliza kwa sekunde chache.

Mimi hesabu ya Kampene inanigusa kuliko ile ya Texas. Mahali panapopigwa na radi kiasi hicho, shule ngapi zina kinga ya radi juu ya paa? Bati tupu la darasa halimlindi mtoto. Rekodi hii ingetakiwa kuwa mezani kwa kila anayejenga shule Maniema.

Kimputu

Waswahili wa pwani humwita papasi. Huku Kongo jina lake ni kimputu. Ni kupe mwenye ngozi laini, anayejificha katika nyufa za sakafu ya udongo na za kuta. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala, na kabla ya alfajiri amesharudi ufani. Anayeumwa naye hupata homa inayopanda siku kadhaa, ikaondoka hadi mtu adhani amepona, kisha ikarudi.

Mwaka 1903 Shule ya Tiba ya Tropiki ya Liverpool ilimtuma Kongo daktari kijana, Joseph Everett Dutton, pamoja na mwenzake kutoka Kanada, John Lancelot Todd. Safari yao ilikuwa ya malale, na Dutton alikuwa na sababu ya kuichukua. Huko Gambia ndiye aliyekitambua kijidudu cha malale katika damu ya binadamu, na mwaka 1902 akakipa jina la Trypanosoma gambiense. Lakini walipoupanda mto kuelekea mashariki walikuta watu wanalalamikia homa ya kimputu, wakaamua kuifuata nayo. Walichokipata kilikuwa kipya na cha kutisha. Kupe waliotoka tu katika mayai ya mama mwenye vijidudu, ambao hawajawahi kumgusa mgonjwa, waliwaambukiza nyani wa majaribio. Maradhi yalikuwa yanarithiwa ndani ya ukoo wa kupe.

Wote wawili waliipata homa hiyo. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, na kijidudu kilichomuua leo kinaitwa Borrelia duttonii katika kila kitabu cha tiba. Mwaka huohuo Robert Koch, Mjerumani, naye alikuwa akiichunguza homa hiyohiyo upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, na alivikuta vijidudu ndani ya mayai ya kupe. Wanafunzi wa udaktari wa Ulaya hulikariri jina la Dutton. Natamani walikariri na la mji alimozikwa, na zaidi ya hapo natamani kila mwanafunzi wa uuguzi wa Kasongo alijue.

Rekodi ya kupe yenyewe ilikuja zaidi ya karne moja baadaye, na ilitoka Kenya. Mwaka 1976 Julian Shepherd, mwanabiolojia wa Marekani, alipelekewa kupe 13 waliokusanywa Kenya: majike 6, madume 4 na wadogo 3 ambao hawajakomaa. Ni wa aina ya Argas brumpti, katika kundi moja na papasi. Shepherd aliwafuga maabara, akaishia nao Chuo Kikuu cha Binghamton, New York. Waliishi miaka 27. Katika miaka hiyo walikaa 8 bila kuonja damu. Madume yote yalikufa kwa njaa, majike yakabaki; na walipolishwa tena, jike mmoja alitaga mayai yaliyoanguliwa, miaka kadhaa baada ya dume la mwisho kufa, kwa mbegu aliyoihifadhi mwilini muda wote huo. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2022, na hakuna kupe mwingine anayejulikana kufikia umri huo wala njaa hiyo.

Kwa nini jambo hili limhusu mtu wa Kabambare? Kwa sababu papasi wa nyumbani naye ni mstahimilivu wa njaa, wa kukaa miaka. Watu wa upande wa Salamabila, humo Kabambare, wamekimbia risasi mara nyingi, nyumba zikabaki tupu, kisha wakarudi. Kuiacha nyumba msimu mmoja au miwili hakumuui kimputu aliyemo ukutani, anasubiri. Anayerudi kwake azibe nyufa kwa udongo mpya au saruji, na asilaze watoto sakafuni wala kitanda kisigusane na ukuta.

Na yale malale yaliyomleta Dutton? Kwa miaka mingi dawa ya malale yaliyofika kichwani ilikuwa melarsoprol, yenye aseniki, sindano inayochoma mishipa na iliyoua karibu mgonjwa 1 katika 20. Mwaka 1998 dunia iliandikisha wagonjwa karibu 40,000. Siku hizi hawafiki 1,000 kwa mwaka, na wengi wao ni wa Kongo. Halafu ikaja acoziborole. Kati ya mwaka 2016 na 2019 wagonjwa 208 wa Kongo na Guinea walipewa dawa hiyo ya kumeza, mara moja tu, siku moja. Miezi 18 baadaye, kati ya wale ambao ugonjwa ulikuwa umekwishafika kwenye ubongo, asilimia 95 walikuwa wamepona. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2022. Sijui tiba fupi kuliko hiyo kwa ugonjwa mzito kama huo, na wengi wa waliokubali kujaribiwa ni wanavijiji wa nchi hii.

Jibu la "hapana" kutoka Tunda

Ukivuka Lualaba kutoka Kasongo kuelekea magharibi, unaingia Kibombo, na humo imo Tunda. Hospitali ya Tunda ni ya vijijini, lakini jina lake limo katika mojawapo ya tafiti zilizosubiriwa kwa hamu kubwa mwaka 2024. Ulimwengu ulikuwa ukiuliza kama dawa ya tecovirimat, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndui, inatibu mpox, ambayo zamani tuliiita ndui ya nyani. Swali hilo lilijibiwa mahali pawili tu kwanza: Tunda, na Kole ya Sankuru.

Utafiti uliitwa PALM007. Herufi hizo si za Kiingereza. Ni za Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha, jina lililobuniwa wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambako utafiti wa kwanza wa PALM ulilinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681. Kati ya hizo, ile iitwayo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na ni mojawapo ya mbili zilizoshinda.

Tunda na Kole walipokelewa wagonjwa 597 wa mpox. Baadhi walipewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa, na wala mgonjwa wala mganga hakujua nani kapata nini. Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Agosti 2024, siku moja baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza mpox kuwa dharura ya dunia. Dawa haikufupisha ugonjwa. Waliopewa vidonda vilikauka kwa siku 7, wasiopewa siku 8, na tofauti hiyo kitakwimu si tofauti.

Lakini tazama namba nyingine. Katika wagonjwa wote, wenye dawa na wasio na dawa, waliofariki walikuwa asilimia 1.7. Kawaida nchini ilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Kilichowaokoa ni kulazwa, kulishwa, kusafishwa vidonda, kutibiwa malaria na maambukizo mengine yaliyojiongeza. Hayo hayahitaji kiwanda cha Marekani. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa ya Tunda, na haikutangazwa kwa sauti iliyostahili. Vichwa vya habari vilisema dawa imeshindwa. Vilitakiwa kusema uuguzi umeshinda.

Mto na milima

Hapa nitapita haraka, maana viumbe ni wengi.

Kamongo, samaki mwenye mapafu anayejizika matopeni mto ukikauka, anaishi katika maziwa makuu na katika bonde la juu la Kongo. Binadamu ana herufi kama bilioni 3 katika maandishi ya urithi wake, yaani DNA. Mwaka 2021 wanasayansi waliyasoma ya kamongo mmoja wa Afrika, wakakuta bilioni 40. Agosti 2024 wakamsoma binamu yake wa Amerika ya Kusini: bilioni 91, maandishi marefu kuliko ya mnyama yeyote aliyekwisha kusomwa. Mwaka huohuo 2024 mmea mdogo wa jamii ya kangaga wa kisiwa cha Kaledonia Mpya ulipimwa ukakutwa na bilioni 160, na hakuna kiumbe kinachojulikana kuushinda. Urefu huo hauna maana kwamba kamongo ni hodari kuliko sisi. Sehemu kubwa ni vipande vinavyojinakili bila kuzuiwa vya kutosha.

Domodomo, yule samaki mwenye mdomo kama mkonga anayetoa umeme mdogo ili kuona gizani, ana rekodi ya aina nyingine. Mmoja wa ukoo huo anayeishi bonde la Kongo hutumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yake yote kwa ajili ya ubongo. Binadamu hutumia asilimia 20.

Na mashariki ya Kabambare, milima inapoanza kushuka kuelekea ziwani, upo msitu wa Misotshi-Kabogo. Tangu mwaka 1960 wanasayansi walikuwa hawajaweza kuufikia. Walipoingia mwaka 2007 walitoka na wanyama sita ambao sayansi haikuwa ikiwajua: popo, panya, virukanjia wawili na vyura wawili. Popo wa kutoka huko alipewa jina la Rhinolophus willardi mwaka 2013. Safari moja tu, baada ya miaka 47 ya kufungwa.

Vya chini ya ardhi

Kusini na mashariki mwa Maniema kijana asiyelima huchimba. Namoya, katika Kabambare, ni dhahabu. Kwingine ni kasiteriti, ambayo huzaa bati, na koltani, ambayo huzaa tantali. Mchimbaji anajua bei ya gunia au ya gramu asubuhi ya leo. Mara chache anaelezwa jiwe lake linakwenda kufanya nini, na hapo ndipo sayansi ya vifaa ina habari za kumshangaza.

Anza na bati. Mashine zinazochora saketi ndogo kuliko zote duniani, za kampuni ya ASML ya Uholanzi, huwashwa na bati. Tone dogo la bati lililoyeyuka, jembamba kuliko unywele, hudondoshwa ndani ya chumba kisicho na hewa, likapigwa leza likageuka gesi ya moto mkali kuliko uso wa jua. Gesi hiyo hutoa mwanga wa urefu wa mawimbi wa nanometa 13.5, nao ndio unaochora. Matone hupigwa 50,000 kwa sekunde. Chipu za simu na za kompyuta zilizo za kisasa kabisa zimepita chini ya mwanga huo wa bati.

Tantali ina habari mpya zaidi, nami naiona kuwa ya kwetu kuliko zote. Shaba ni laini, na ikipashwa moto hulainika zaidi. Huyeyuka kwa nyuzi 1,085. Mwezi Machi 2025, katika jarida la Science, watafiti wa jeshi la Marekani pamoja na vyuo vikuu vya Arizona State na Lehigh walieleza aloi ya shaba iliyochanganywa na tantali, atomi 3 katika kila 100, na lithiamu nusu tu ya atomi. Lithiamu huunda vijipande vidogo mno ndani ya shaba, na tantali huvivika koti linalovizuia visikue wala visiyeyuke. Aloi hiyo ilikaa ndani ya joto la nyuzi 800 kwa saa 10,000, zaidi ya mwaka mzima, bila kupoteza umbo lake la ndani. Nguvu yake katika joto la kawaida ni megapascal 1,120. Ni mojawapo ya aloi za shaba imara kuliko zote zilizowahi kutengenezwa.

Sasa zipange hizo tatu kwenye ramani. Shaba ni ya Katanga. Tantali ni ya Maniema na Kivu. Lithiamu iko Manono, kusini ya Kabambare, katika mojawapo ya hazina kubwa kabisa za lithiamu ya mwamba duniani. Viungo vyote vya aloi hiyo vinapatikana ndani ya nchi moja, na maabara iliyovipika iko Marekani. Sisemi hivyo kwa chuki. Nasema kwa sababu chuo kikuu chochote cha Kongo kikipewa tanuri na hadubini nzuri kingekuwa na haki ya kwanza ya kuendelea pale wenzetu walipoishia.

Dhahabu nayo ina kilele chake. Wafua dhahabu wamejua tangu kale kwamba inapondeka ikawa jani jembamba la kuona mwanga kupitia ndani yake. Mwezi Aprili 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, walifika mwisho wa wembamba: karatasi ya dhahabu yenye unene wa atomi moja. Waliiita goldene. Nyembamba kuliko hiyo haiwezekani, kwa sababu chini ya atomi moja hakuna dhahabu tena. Waliipata kwa kuweka dhahabu katikati ya tabaka za titani na kaboni, kisha wakazila tabaka hizo kwa dawa ambayo wahunzi wa Kijapani wameitumia zaidi ya miaka mia. Kazi ilibidi ifanyike gizani, maana mwanga ukiigusa dawa hiyo hutoa sianidi, na sianidi huyeyusha dhahabu.

Mchimbaji atakayesoma hapa ataitambua sianidi. Ataitambua na zebaki, inayotumika kushika dhahabu sehemu nyingi za mashariki, kisha ikachomwa juu ya moto na kuvutwa puani. Moshi wa zebaki huingia kwenye ubongo na haufanyi haraka kutoka. Asiichomee ndani ya nyumba, wala karibu na mama mjamzito au mtoto.

Mpunga usiopandwa kila mwaka

Waungwana waliokuja na misafara walileta mpunga Maniema, nao ukakaa. Ofisa na daktari Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo na jeshi la kamanda wa Kibelgiji Dhanis mwezi Aprili 1893, aliusifu mji huo kwa mashamba yake. Mpaka leo wali ni chakula cha heshima huku, na anayeinamia shamba la mpunga mara nyingi ni mwanamke.

Kwa hiyo rekodi ya Yunnan, China, inawahusu akina mama hao. Mwaka 2022 kundi la Hu Fengyi lilieleza mpunga uitwao PR23. Ukipandwa mara moja huvunwa mara nane mfululizo katika miaka minne, kwa wastani wa tani 6.8 kwa hekta, sawa na mpunga wa kupanda kila msimu. Kila unapochipua upya, kazi ya shambani hupungua kwa asilimia 58. Mmoja wa wazazi wake ni mpunga wa mwitu wa Afrika, Oryza longistaminata, unaoota wenyewe mabwawani na ambao mkulima huung'oa kama magugu. Uganda imekwishaanza kuujaribu mpunga huu wa kudumu. Watafiti wetu wa kilimo wangeufuata huko jirani, kabla ya kuungoja uletwe kutoka mbali.

Wino wa Kabambare

David Livingstone alikwama Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871. Vidonda vya miguu vilimzuia kutembea. Karatasi zilimwishia, wino ukamwishia. Akaanza kuandika juu ya magazeti ya zamani, akipitisha mistari yake juu ya maandishi ya chapa, kwa wino wa mbegu za mmea ambao kwa sikio lake ulitajwa kama zingifure. Baada ya miaka mia na zaidi wino ule ulififia hata hausomeki.

Mwaka 2010 na 2011 kundi lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilizipiga picha kurasa hizo kwa mianga mingi, kuanzia ile iliyo juu ya zambarau hadi ile iliyo chini ya nyekundu ambayo jicho haliioni. Wino wa gazeti una masizi, huonekana kwenye mianga yote. Wino wa mbegu hupotea kwenye mwanga wa chini ya nyekundu. Kompyuta ikiondoa wino mmoja hubaki mwingine. Kwanza ilisomeka barua aliyoiandika akiwa Kabambare tarehe 5 Februari 1871. Kisha likasomeka daftari zima, pamoja na siku ya mauaji ya soko la Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871. Lilipolinganishwa na kitabu kilichochapishwa baada ya kifo chake, zilionekana tofauti, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Ni mbegu ya Maniema iliyotunza ushahidi wa damu ya watu wa Maniema.

Surua

Rekodi ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianza kazi Kasongo. Lengo halikuwa kujenga hospitali kubwa. Lilikuwa kujua kama vituo vidogo vya afya, vilivyo karibu na watu na vinavyosaidiwa na hospitali moja, vinaweza kuhudumia eneo zima. Mafunzo ya Kasongo, pamoja na ya mahali pengine kama Bwamanda na Vanga, yalisaidia kuigawa nchi katika maeneo ya afya tunayoyatumia hadi leo. Waandishi wa tafiti hizo hawakuweka majina yao juu. Waliweka jina la mji: Kundi la Mradi wa Kasongo.

Kwa jina hilo, tarehe 4 Aprili 1981, jarida la Lancet la London lilichapisha utafiti juu ya watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa surua na wasiochanjwa. Waliochanjwa walifariki kidogo kuliko wenzao. Lakini watafiti waliuliza swali gumu kwa uaminifu: je, mtoto dhaifu akiepushwa na surua, hatachukuliwa na ugonjwa mwingine baadaye, faida ikapotea? Swali hilo kutoka Kasongo lilizua mjadala wa dunia uliodumu miaka mingi. Mwaka 1995 Peter Aaby na wenzake walikusanya tafiti za Bangladesh, Benin, Burundi, Guinea-Bissau, Haiti, Senegal na Zaire, wakakuta chanjo ya surua ilipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 30 hadi 86. Hiyo ni zaidi ya vifo vinavyosababishwa na surua peke yake. Faida haikupotea.

Surua ni miongoni mwa maradhi yanayoambukiza kwa kasi kuliko yote: mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga huwaambukiza 12 hadi 18. Mwaka 2019 Kongo ilipata mlipuko mkubwa kuliko wa nchi nyingine yoyote, wagonjwa zaidi ya 310,000 waliodhaniwa kuwa na surua, na zaidi ya 6,000 walikufa. Na mwezi Mei 2024, Lancet hilohilo lilichapisha hesabu ya miaka 50 ya chanjo duniani: maisha milioni 154 yameokolewa. Kati ya hayo, karibu milioni 94 yaliokolewa na chanjo ya surua peke yake. Hakuna chanjo nyingine katika hesabu hiyo iliyoikaribia.

Mtoto wako akitimiza miezi 9, mpeleke kituoni, na tarehe ya kurudi ikifika, mrudishe.